Anayemtafuta nkambo wa karne ya 19 aanzie kwa mama

PEPA, teritware ya Moba — Mtoto wa Kikongo anayesoma Iowa, Ohio au Michigan hupewa shuleni kazi ileile wanayopewa wenzake: achore mti wa ukoo wake. Mwenzake wa Kimarekani anarudi darasani na majina ya mababu waliozaliwa miaka 150 au 200 iliyopita, pamoja na kijiji walikotoka na shamba walilolima. Mtoto wa Kikongo anampigia mujomba simu. Mujomba yuko Pepa, mtandao unakatika kila mara, nje kuna baridi ya Marungu, naye anataja majina matatu, labda manne. Baada ya hapo anasema wengine walikuwa watu wa zamani na habari zao zilipotea.

Jibu hilo linatolewa kwa nia njema, lakini si kweli. Habari za watu wa Marungu wa miaka ya 1800 ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Shida ni kwamba ziko vipande viwili. Kimoja kimo katika karatasi zilizoandikwa na wageni. Kingine kimo vichwani mwa wazee, hasa wamama, na hicho ndicho kinachokwisha haraka. Familia nyingi zinazoanza kutafuta zinakimbilia karatasi kwanza, kwa sababu karatasi inaonekana kuwa na heshima. Kwa nchi hii ya Watabwa, huko ni kuanzia mwisho.

Inafaa kueleza kwa nini Mmarekani anafanikiwa. Mababu zake hawakuwa na kumbukumbu kali kuliko za Watabwa, walihesabiwa tu. Serikali ya Marekani imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na tangu 1850 kila mtu huru aliandikwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Mkulima aliyepewa ekari 160 kwa sheria ya mashamba ya 1862 ana faili. Askari wa vita vyao vya 1861 hadi 1865 ana faili, na mjane wake aliyeomba pensheni ana faili nene zaidi, maana ilimbidi athibitishe ndoa na watoto. Mjukuu anaketi mbele ya kompyuta na kumfuata nkambo wake kutoka kijiji hadi kijiji.

Lakini hata huko si kila mtu ana bahati hiyo. Katika hesabu za 1850 na 1860 watumwa weusi waliandikwa chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, basi. Walio wengi hawakuandikwa jina hata moja. Wajukuu zao wakirudi nyuma katika karatasi wanafika mwaka 1870, hesabu ya kwanza baada ya utumwa, na hapo wanagonga ukuta. Waliofaulu kuupita walitumia wosia za mabwana, ambamo watu waligawiwa pamoja na farasi, na walitumia masimulizi ya bibi zao. Mtu wa Marungu anayemtafuta nkambo wake yuko karibu na Mmarekani huyo mweusi kuliko na yule mkulima wa Iowa. Karatasi zipo, lakini zimeandikwa na watu waliokuwa na kazi nyingine.

Upande wa ziwa karatasi zinaanza mapema. Burton na Speke walifika Tanganyika mwaka 1858. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa, kusini ya Marungu, katika nchi ambayo leo ni Zambia, na baadaye alisimulia vita hivyo mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Livingstone alipita nchi hizo mwaka huohuo. Cameron aliuona mto Lukuga mwaka 1874. Mwaka 1883 luteni Mbeleji Émile Storms, mtu wa Shirika la Kimataifa la Afrika la mfalme Leopold II, alivuka kutoka Karema akajenga boma Mpala. Mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa Mapadri Weupe, na kuanzia hapo karatasi zikawa nyingi kweli. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliwaagiza watu wake waandike daftari la habari katika kila kituo. Kwa hiyo kuna daftari za Mpala, kuna vitabu vya ubatizo na ndoa, kuna barua. Mwaka 1893 Padri Victor Roelens, aliyekuja kuwa askofu, alianzisha Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba, na vitabu vya huko navyo vikaanza.

Mtu akisikia hayo anaweza kudhani kazi imekwisha: aende parokiani, aombe kitabu, asome. Lakini asome kwa kujua ni nani aliyeshika kalamu.

Mfano mkubwa ni wa Lusinga Iwa Ng'ombe. Huyu alikuwa sultani mwenye nguvu katika milima ya Marungu, mwenye bunduki, aliyefanya biashara ya watu na kuogopwa na majirani. Mskoti Joseph Thomson alifika kwake katika safari yake ya 1879 na 1880, akamwandika kama mmwaga damu. Storms alipojenga Mpala, ambako wenyeji walimwita Bwana Boma, wawili hao hawakuweza kukaa katika nchi moja. Desemba 4, 1884, watu wa Storms walipanda mlimani, wakamuua Lusinga, wakamkata kichwa. Fuvu lilipelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya mti iliyokuwa ya ukoo wake. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé alichapisha vipimo vya fuvu hilo kwa chama cha antropolojia cha Brussels. Miaka ya 1930 mjane wa Storms alitoa mali za mumewe kwa jumba la makumbusho la Tervuren. Mwaka 1964 fuvu likahamishiwa Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili, Brussels, na sanamu ikabaki Tervuren, ambako imekuwa moja ya kazi za Watabwa zinazojulikana zaidi duniani.

Kwa upande wa karatasi, Lusinga ana bahati mbaya ya kuandikwa vizuri. Yuko katika daftari la mtu aliyetaka afe, katika kitabu cha msafiri aliyemchukia, katika jedwali la daktari na katika orodha ya vitu vya makumbusho. Mtu akikusanya hayo yote atajua upana wa fuvu lake kwa milimita. Mambo ambayo wajukuu wanauliza kwanza yako mahali pengine: mama yake alikuwa nani, dada zake waliolewa wapi, nani alipokea jina baada yake. Mwanaantropolojia wa Kimarekani Allen Roberts, aliyeishi Lubanda, palepale Mpala, katika miaka ya 1970, alisikiliza wazee wakisimulia kisa cha Lusinga na Bwana Boma, akayaweka masimulizi hayo kando ya maandishi ya Storms katika kitabu alichochapisha mwaka 2013. Mtu wa mbali alifanya kazi ambayo kila familia ya hapa ingeweza kuifanya kwa nkambo wake, tena kwa lugha yake.

Sasa jambo hilo limetoka kuwa historia na kuwa deni. Mwaka 2018 jarida la Paris Match la Ubelgiji liliandika habari za mafuvu hayo, na tangu hapo mtu anayejitambulisha kuwa wa uzao wa Lusinga ameyaandikia mamlaka ya Ubelgiji akiomba nkambo wake arudishwe. Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika bustani ya Square de Meeûs, Brussels. Mwaka huohuo jino la Patrice Lumumba lilirudi Kongo. Lakini sheria ya Ubelgiji ya Julai 3, 2022, inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, iliacha nje mabaki ya miili ya watu, na pia iliacha nje nyaraka. Kwa maneno mengine, kinyago kina njia ya kurudi, lakini kichwa cha mtu na karatasi zinazomtaja vinasubiri utaratibu mwingine.

Tuseme utaratibu huo unapatikana kesho. Akabidhiwe nani?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na ndipo ushauri wa kuanzia kwa mama unapopata uzito. Kwa Watabwa mtu ni wa mukowa wa mama yake. Usultani na jina hupita kwa ndugu wa tumbo moja, kisha kwa watoto wa dada. Mtoto wa sultani ni mtoto mpendwa, lakini si wa mukowa wa sultani. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987, kwa upande wake, inawaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi na kuwapa robo tatu ya urithi. Mbele ya hakimu wa Kalemie mjukuu wa upande wa kiume ana haki kamili. Mbele ya wazee wa mukowa anaweza kuambiwa akae pembeni. Mbeleji anayetafuta mtu wa kutia saini hatajua tofauti hiyo, na atamkabidhi yule mwenye jina la ukoo linalofanana na lile lililoandikwa kwenye sanduku. Jina linalofanana, kwa mila ya hapa, ni ushahidi dhaifu.

Udhaifu huo unaeleweka kwa yeyote aliyekaa msibani. Jina kubwa hapa ni kiti. Anayerithi anachukua jina la marehemu, pamoja na wake zake wa heshima, deni zake na undugu wake. Mzee anaweza kusema "nilivuka ziwa nikapigana na fulani", na kumbe anasimulia mambo ya mtu aliyekufa kabla baba yake hajazaliwa, kwa sababu ameketi katika kiti cha mtu yule. Mpala ni jina la namna hiyo, na Tumbwe pia. Mtafutaji asiyelijua hili huwachanganya watu watatu au wanne kuwa mtu mmoja aliyeishi miaka 120, halafu anacheka kwamba wazee hawajui hesabu. Wazee wanajua. Swali ndilo lililoulizwa vibaya. Badala ya kuuliza "Lusinga alizaliwa lini", inabidi kuuliza ni nani waliokaa katika kiti hicho, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja mama yake ni nani.

Vitabu vya mapadri havisaidii sana katika hilo, ingawa vina faida nyingine. Mzungu aliyeandika ubatizo alitoka katika nchi ambako ukoo hufuata baba. Aliandika jina la Kikristo, baba, mama, msimamizi na tarehe. Mukowa hakuuliza, au aliuliza na hakuona pa kuuandika. Jina la mama likiwepo, mara nyingi ni jina moja tupu lisilo na kaka wala nyumba. Hata hivyo kitabu cha ubatizo kina siri moja nzuri ambayo watu wengi hawaijui: kanuni ya Kanisa inataka ndoa ya mtu iandikwe pembeni mwa jina lake la ubatizo. Kwa hiyo ukilipata jina la nkambo utotoni, angalia pembezoni mwa ukurasa. Huenda ukamkuta mke wake, mwaka na parokia, hata kama alioa mbali.

Halafu kuna majina yenyewe. Aliyebatizwa Yosefu aliitwa Yosefu kwa padri, jina la utoto kwa mama yake na jina la kurithi uzeeni. Mwaka 1972 Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na familia nzima zikajiandika upya. Baada ya 1990 wengi wakarudia majina yao ya ubatizo. Mtu mmoja anaweza kuonekana katika karatasi nne kama watu wanne. Hakuna kompyuta itakayowaunganisha. Ni shangazi atakayesema "huyo ndiye yule".

Kuna pia jambo ambalo familia hazipendi kulisema. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 watu wa Marungu walikamatwa, wakauzwa na wakauza. Mapadri wa Mpala walikomboa watoto, wakawalea, wakawaoza, wakawajengea vijiji. Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, alikuja kulinda vijiji hivyo kwa bunduki, akamwoa Agnes Atakao mwaka 1888, akaishi hapa hadi kufa kwake karibu na Moba mwaka 1927. Maisha ya kapteni yameandikwa mara nyingi na kwa urefu. Agnes anatajwa kwa ndoa na kwa watoto. Lakini kwa hesabu ya mukowa, mtoto hufuata mama hata kama baba yake ni Mzungu mwenye boma.

Utumwa uliingia ndani ya nyumba kwa njia inayohusu hesabu hiyohiyo. Mwanamume aliyeoa mke wa mila alijua watoto watakuwa wa mukowa wa mke, na mujomba wao atakuwa na sauti juu yao. Aliyenunua mwanamke hakuwa na mujomba wa kubishana naye. Watoto walibaki kwake. Ndiyo maana wakubwa wa nchi hizi, kuanzia Marungu hadi Luapula, walithamini wanawake kuliko wanaume katika biashara ile. Alama yake inaonekana hadi leo. Ukipanda ngazi ya mama, mama wa mama, mama wa huyo, kisha ukafika kwa mwanamke ambaye hana kaka, hana dada, hana kijiji, na wazee wote wanakohoa unapouliza, kuna uwezekano mkubwa kwamba umefika kwa mtu aliyenunuliwa au kutekwa.

Familia nyingi huishia hapo kwa aibu. Aibu hiyo ina sababu. Katika ugomvi wa kiti au wa shamba, neno "mtoto wa mtumwa" bado hutumika kumwangusha mtu, na karatasi iliyoandikwa kwa nia njema inaweza kuletwa siku moja mbele ya wazee kama silaha. Kwa hiyo si busara kila kitu kubandikwa Facebook. Lakini kukaa kimya kabisa kunamfuta mwanamke yule mara ya pili, na yeye ndiye nkambo halisi wa nyumba hiyo. Aandikwe katika daftari la familia, kwa jina alilokuwa nalo, na kwa neno lolote linalokumbukwa: alitoka upande gani, alisema lugha gani, alikuwa na chanjo gani usoni, aliimba nini akitwanga.

Kwamba maneno machache kama hayo yanatosha kurudisha maisha ya mtu, kuna ushahidi. Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba, aliuzwa na kuuzwa tena katika nchi za Katanga na Luapula. Kitabu alichochapisha mmisionari Dugald Campbell mwaka 1916 kinahesabu mara kumi. Kinajulikana kwa sababu tu mwanamke huyo alisimulia na mtu akaandika. Upande wa pili wa ziwa, Karema, kuna Adrien Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Kabla ya kufa aliandika maisha yake mwenyewe. Na hapahapa Marungu alizaliwa Stefano Kaoze, karibu mwaka 1886, padri wa kwanza Mkongo wa zama hizi, aliyepadirishwa Baudouinville mwaka 1917. Kaoze alianza mapema kuandika juu ya fikra na mila za watu wake. Makala yake yalitoka katika jarida la Ubelgiji mwaka 1910 na 1911. Mtu aliyezaliwa wakati harufu ya baruti ya Bwana Boma haijatoka milimani alikwisha kushika kalamu mwenyewe.

Wanaolalamika kwamba wazee hawana tarehe wangejifunza kuuliza kwa matukio. Nchi hii ina saa zake. Ziwa lilipanda, kisha karibu mwaka 1878 likapasua njia yake Lukuga na maji yakaanza kushuka mita kadhaa. Mzee akisema nkambo alilima pale ambapo zamani palikuwa maji, amekupa tarehe. Nyota kubwa yenye mkia ilionekana Septemba 1882, na nyingine ikaja 1910. Tauni ya ng'ombe ilipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Vita vya Wajerumani na Wabeleji ziwani vilikuwa 1914 hadi 1916, na wapagazi walichukuliwa. "Alikuwa na ujauzito wakati wa nyota", "aliota ndevu wapagazi walipochukuliwa": kwa maneno mawili kama hayo mtu anaweza kuwekwa katika mwaka wake, akikosea miaka miwili au mitatu. Makarani wa zamani walikosea zaidi, hasa walipokisia umri wa mtu kwa kumtazama uso.

Haraka inahitajika, na kwa Pepa sababu yake inajulikana. Mwaka 2000 mji ulipiganiwa, ukabadilisha mikono, na Desemba mwaka huo Pweto ikaanguka. Watu walikimbilia Zambia, katika kambi za Mwange na Kala. Wengine walivuka ziwa hadi Nyarugusu, Tanzania. Walibeba watoto na sufuria. Vyeti vya ubatizo, kadi za zamani, picha ya baba akiwa na kofia ya kazi, vilibaki ndani ya nyumba. Wazee waliokuwa na miaka 60 wakati ule, wale walioweza kusema "nkambo wangu alimwona Joubert kwa macho yake", leo wana zaidi ya 80, kama wapo. Na wajukuu wanaowauliza wanazungumza Kiingereza cha Iowa na Kiswahili cha kambi.

Kazi yenyewe haihitaji fedha za wafadhili. Daftari la shule linatosha, na simu ya kurekodi sauti. Mjukuu akae na mama mkubwa wa nyumba, mchana kukiwa na jua, asianze na "baba wa baba yako aliitwa nani" bali na "mama yako alitoka tumbo la nani, na kaka zake ni akina nani". Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, hata yakigongana. Mzee wa pili asisahihishwe kwa maneno ya wa kwanza. Karatasi zifuate baadaye: kitabu cha parokia, barua za zamani, kitambulisho cha enzi ya Wabeleji kilichofungwa kwenye kitambaa. Mapadri wa leo, wengi wao wakiwa wana wa nchi hii, wangefanya jambo jema wakikubali vitabu vya kabla ya 1920 vipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kabla mchwa au vita vingine havijavifikia. Daftari za vituo zilizo katika nyumba kuu ya shirika Roma, na maandishi ya Storms yaliyoko Tervuren, yanaweza kuletwa Kalemie kwa njia ya picha bila Ubelgiji wala Roma kupoteza karatasi hata moja. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji barua, na barua ina nguvu zaidi ikiandikwa na watu wanaojua wanachotafuta.

Kuhusu Lusinga, wazee wa mukowa wake na wajukuu wa upande wa watoto wake wangekaa pamoja sasa, wakaandika mstari wa wamama tangu kwa mama yake hadi kwa walio hai, wakakubaliana nani atasema kwa niaba ya wote, na wapi atalazwa. Kikao hicho kinaweza kufanyika Lubanda, Moba au Kalemie. Hakisubiri ruhusa ya Brussels.